Kufuli lipi kati ya katizo na programu? Jibu kwa mwandishi wa draiva ya mita ya maji

Swali: Nimeandika moduli ya kerneli ya Linux (sehemu ya msingi ya mfumo endeshi) kwenye Raspberry Pi 4 inayohesabu mapigo ya mita ya maji kupitia pini ya GPIO, yaani pini ya matumizi ya jumla. Kila pigo linaleta katizo (interrupt), yaani prosesa inaacha ilichokuwa ikifanya na kuendesha kazi yangu kwanza. Ndani yake naongeza `idadi` na kuweka muda wa pigo kwenye orodha. Programu inasoma kupitia `/dev/mita`, nami kwenye `read()` napunguza idadi na kufuta yaliyokwisha kusomwa. Hesabu ikawa inapungua kidogo kidogo bila sababu. Nikaweka `spin_lock()` pande zote mbili, mashine ikawa inaganda baada ya saa kadhaa. Nikabadilisha kuwa `mutex_lock()`, nikapata ujumbe wa "BUG: scheduling while atomic". Nitumie kufuli gani?

Jibu: Makosa yote matatu yana chanzo kimoja: kufuli lilichaguliwa kabla ya kujua nani anaigusa data na akiwa katika hali gani. Hilo likishajulikana, aina ya kufuli haina ubishi tena. Tuanzie hapo, msimbo utafuata.

Kufuli ni kitu kinachoruhusu upande mmoja tu kuigusa data kwa wakati mmoja. Hulinda data, halilindi mistari ya programu. Kwa kila kigeu kinachoguswa na zaidi ya upande mmoja, andika ndani ya struct (muundo wa C unaokusanya vigeu pamoja), pembeni ya kigeu chenyewe, ni kufuli gani linakilinda. Usipoweza kuandika sentensi hiyo moja, bado hujamaliza kubuni. Linux yenyewe ililipa gharama ya kutofanya hivyo. Toleo la 2.0 la mwaka 1996, lililoleta uwezo wa kutumia prosesa zaidi ya moja, liliweka kufuli moja kubwa juu ya kerneli nzima, na mabaki yake ya mwisho yaliondolewa mwaka 2011 katika toleo la 2.6.39. Kuandika makufuli mapya ndiyo ilikuwa kazi nyepesi. Kazi nzito ilikuwa kugundua ni data ipi iliyokuwa ikilitegemea lile la zamani bila mtu kuandika popote.

Sasa hali zenyewe. Msimbo wa kerneli unaokuhusu huendeshwa katika hali tatu. Kuna hali ya mchakato: `read()` na `ioctl()` zako zinaendeshwa kwa niaba ya programu iliyoziita, na zinaruhusiwa kulala, yaani kuiachia prosesa zikisubiri kitu. Kuna katizo laini, ambako taima za kawaida za kerneli huendeshwa. Huko kulala ni marufuku. Na kuna katizo gumu, yaani ile kazi uliyoisajili kwa `request_irq()`. Kulala ni marufuku, na makatizo ya kiini (core) hicho cha prosesa yamezimwa mpaka kazi imalizike. Katika draiva yako, `idadi` na orodha vinaguswa na hali ya mchakato na katizo gumu. Yote yanayofuata yanatokana na hilo.

Hesabu ilipoteaje

`idadi -= n` ni mstari mmoja kwenye C, lakini kwenye ARM, aina ya prosesa ya Pi, huwa hatua tatu: pakia thamani kwenye rejista, toa, rudisha kwenye kumbukumbu. Chukulia idadi ni 7 na programu imekwisha kusoma mapigo 5. `read()` inapakia 7. Papo hapo katizo linaingia, linaongeza, na kumbukumbu sasa ina 8. `read()` inaendelea na 7 iliyo kwenye rejista yake, inatoa 5, inaandika 2. Ilitakiwa iwe 3. Pigo moja limefutika na hakuna ujumbe wowote wa kosa.

Kwenye orodha hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu `list_add_tail()` hubadilisha vielekezi vinne. Atakayeipitia katikati ya mabadiliko hayo anaweza kufuata kielekezi kinachokwenda kwenye kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa, na hapo kerneli nzima huanguka.

Wengi wakifika hapa huandika `volatile`. Haisaidii. Inailazimisha kompaila kusoma kumbukumbu kila mara, lakini zile hatua tatu zinabaki tatu, na haisemi lolote juu ya mpangilio wa maandishi kati ya viini tofauti.

Kwa nini mashine iliganda

Spinloki hufanya kazi kwa kuzunguka: anayeikuta imefungwa hukaa kwenye kitanzi akiiangalia mpaka ifunguliwe. Pi 4 ina viini 4 vya Cortex-A72. Programu yako iko kwenye kiini cha 0, imeshika spinloki. Pigo la mita linaingia na katizo linaletwa kiini hichohicho. Kazi ya katizo inataka spinloki, inaanza kuzunguka. Mwenye kuishika yuko chini yake, hawezi kuendelea mpaka katizo limalizike, na katizo haliwezi kumalizika mpaka yeye aachie. Huo ni mkwamo wa milele.

Tatizo lilikuwa la nadra kwa sababu lilihitaji mambo mawili yakutane: katizo liangukie kiini kilekile ambacho programu inaendeshwa, tena ndani ya ule muda mfupi kufuli limeshikwa. Likiangukia kiini kingine, linazunguka kidogo tu, linapata zamu, maisha yanaendelea. Fungua `/proc/interrupts` uone safu ipi inapanda kila mapigo yanapoingia. Hicho ndicho kiini kinachopokea katizo lako. Ukiwa na kebo ya konsoli ya siriali, baada ya sekunde 21 za chaguo-msingi utaona viini vingine vikianza kulalamika kwa ujumbe wa RCU stall, yaani onyo kwamba kuna kiini kilichokwama.

Na mutekisi? Mtu akiikuta imefungwa hulazwa, mchakato mwingine unapewa prosesa. Katizo gumu halina mchakato wake wa kulazwa. Limekaa juu ya mchakato wowote uliokuwa ukiendeshwa wakati ule. Kerneli inagundua inaombwa kubadilisha mchakato mahali pasiporuhusiwa, inatoa ule ujumbe ulioupata. Usiuzime wala usiupuuze.

Marekebisho ya haraka

Upande wa mchakato, zima makatizo ya kiini unachoendeshwa kabla ya kushika spinloki:

```
LIST_HEAD(ya_muda);
unsigned long flags;

spin_lock_irqsave(&m->kufuli, flags);
list_splice_init(&m->mapigo, &ya_muda);
m->idadi = 0;
spin_unlock_irqrestore(&m->kufuli, flags);
```

Ndani ya kazi ya katizo `spin_lock()` tupu inatosha kwa sababu makatizo yamekwisha kuzimwa pale. Lakini kama spinloki hiyohiyo inashikwa na makatizo mawili tofauti, au huna uhakika kazi yako inaitwa kutoka wapi, tumia `irqsave` kila mahali. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na mkwamo.

Kuna pia `spin_lock_irq()` isiyo na `flags`. Tofauti yake huwaumiza watu: ikifungua, huwasha makatizo bila kuuliza yalikuwaje mwanzo. Ukiiita ndani ya kazi ambayo mwitaji wake alikuwa ameyazima, unamwashia makatizo akiwa hajamaliza. `irqsave` hurudisha hali iliyokuwepo.

Ona kilichofanyika kati ya kufunga na kufungua: orodha nzima imehamishwa kwenda kwenye orodha ya muda, basi. Kunakili kwenda kwa programu kunafanyika baada ya kufungua. Ukiwa umeshika spinloki, usiite `copy_to_user()`, kwa kuwa ukurasa wa programu unaweza kuwa haupo kwenye kumbukumbu na ikabidi usubiriwe. Usiite `kmalloc()` kwa `GFP_KERNEL` (ombi la kumbukumbu linaloweza kulala), usiite `msleep()`, usishike mutekisi. Ndani ya katizo tumia `GFP_ATOMIC`, ambayo hailali, na upime kama umerudishiwa NULL, maana aina hiyo ya ombi hushindwa kumbukumbu ikibana.

Njia hii ina deni lake. `copy_to_user()` ikishindwa katikati, mapigo yaliyo kwenye orodha ya muda yanabaki mikononi mwako: lazima ufunge tena, uyarudishe mbele ya orodha kwa `list_splice()`, na uirekebishe idadi. Na programu mbili zikisoma kwa pamoja, moja inaweza kurudisha yake baada ya nyingine kuchukua ya mbele, mpangilio ukavurugika. Ndiyo maana kwa kazi yako ningeachana na orodha kabisa.

Muundo unaokufaa zaidi

Una mwandishi mmoja, ambaye ni katizo, na data ndogo ya ukubwa uleule kila mara, baiti 8 za muda. Kwa hali hii kerneli ina `kfifo`, foleni ya duara ambayo mwandishi mmoja na msomaji mmoja wanaweza kuitumia kwa wakati mmoja bila kufuli lolote kati yao. Mwandishi husogeza mwisho wa foleni tu, msomaji husogeza mwanzo tu, na vizuizi vya kumbukumbu (amri zinazolazimisha mpangilio wa maandishi) vinavyohitajika vimekwisha kuwekwa ndani yake. Ukubwa uwe kipeo cha 2. Nafasi 1024 za baiti 8 ni baiti 8192. Hakuna kuomba kumbukumbu ndani ya katizo tena, na hilo peke yake linaondoa kundi zima la makosa.

```
struct mita {
    /* anaandika: katizo tu. anasoma: mwenye kufuli_la_wasomaji */
    DECLARE_KFIFO(foleni, u64, 1024);
    struct mutex kufuli_la_wasomaji;
    wait_queue_head_t subira;
    atomic64_t jumla;
    atomic_t yaliyokosa_nafasi;
};

static irqreturn_t pigo_limeingia(int irq, void *d)
{
    struct mita *m = d;

    atomic64_inc(&m->jumla);
    if (!kfifo_put(&m->foleni, ktime_get_ns()))
        atomic_inc(&m->yaliyokosa_nafasi);
    wake_up_interruptible(&m->subira);
    return IRQ_HANDLED;
}
```

Wasomaji wanaweza kuwa wengi, kwa hiyo wao kwa wao wanahitaji kufuli, na kwa kuwa wote wako katika hali ya mchakato, hapa mutekisi ndiyo mahali pake:

```
if (len < sizeof(u64))
    return -EINVAL;
for (;;) {
    if (wait_event_interruptible(m->subira,
                                 !kfifo_is_empty(&m->foleni)))
        return -ERESTARTSYS;
    if (mutex_lock_interruptible(&m->kufuli_la_wasomaji))
        return -ERESTARTSYS;
    kosa = kfifo_to_user(&m->foleni, buf, len, &kiasi);
    mutex_unlock(&m->kufuli_la_wasomaji);
    if (kosa)
        return kosa;
    if (kiasi)
        return kiasi;
}
```

Kitanzi hicho si pambo. Wasomaji wawili wanaweza kuamshwa na pigo moja. Wa kwanza akalichukua, wa pili akapata mutekisi foleni ikiwa tupu. Bila kitanzi angerudisha 0, na kwa programu 0 maana yake faili limekwisha, hivyo ingejifunga ikidhani mita imeondolewa. Kile kipimo cha `len` kinazuia jambo la kinyume: programu iliyoomba baiti 4 isingepata kitu daima, na kitanzi kingezunguka bila mwisho. Kama unakubali `O_NONBLOCK`, pima foleni kabla ya kusubiri na urudishe `-EAGAIN`.

Usijiandikie kusubiri kwako kwa mtindo wa "kama foleni ni tupu, lala". Pigo likiingia baada ya kupima na kabla ya kulala, mwito wa kuamsha unapita hewani na unalala ukiwa na data tayari. `wait_event_interruptible()` hujiandikisha kwenye subira kwanza, ndipo ikapima tena.

Siku ukiunganisha mita ya pili yenye katizo lake na ukataka zote ziandike kwenye foleni ileile, unakuwa na waandishi wawili, na ruhusa ya kutotumia kufuli imekwisha. Tumia `kfifo_in_spinlocked()`, ambayo inazima makatizo yenyewe, au ipe kila mita struct yake. La pili ni safi zaidi. Jihadhari pia na `kfifo_reset()`: haifai kuitwa katizo likiwa hai, kwa sababu inagusa pande zote mbili za foleni. Msomaji anayetaka kuitupa data iliyopo atumie `kfifo_reset_out()` akiwa ameshika mutekisi.

Jumla nimeiweka `atomic64_t` ili iwe sahihi hata kwenye mfumo wa biti 32, ambako kusoma namba ya biti 64 kunaweza kufanyika kwa vipande viwili na katizo likaingia katikati. Kuisoma na kuirudisha sifuri ni `atomic64_xchg(&m->jumla, 0)`, hatua moja inayokurudishia ya zamani. Ukiandika `atomic64_read()` kisha `atomic64_set()` umerudi kwenye kosa lako la kwanza: operesheni mbili zisizogawanyika, zikiwekwa pamoja, zinagawanyika katikati. Vivyo hivyo kupima kama hesabu ni zaidi ya sifuri kisha kuipunguza. Hiyo ina `atomic_dec_if_positive()`. Na kama unachohesabu ni watumiaji wa kitu ili ujue lini ukiachilie, tumia `refcount_t`, iliyoko tangu toleo la 4.11 la mwaka 2017, kwa sababu hiyo hupiga kelele hesabu ikizidi au ikifufuka kutoka sifuri.

Njia mbadala: katizo lenye uzi

Mita ya maji hutoa mapigo machache kwa sekunde. Kwa kasi hiyo unaweza kusajili kwa `request_threaded_irq()` na kuifanya kazi yako ndani ya uzi wa kerneli, ambako mutekisi inaruhusiwa na orodha yako ya awali ingefanya kazi. Usipotoa kazi ya kwanza, ile ya katizo gumu, yaani ukiweka NULL, lazima uweke `IRQF_ONESHOT`, la sivyo usajili kwa kawaida unakataliwa kwa `-EINVAL`. Kasoro yake ni kwamba muda unaousoma ndani ya uzi umechelewa kwa kiasi cha uzi kusubiri zamu. Kwa bili ya maji hilo halina uzito. Kwa kupima kasi ya mtiririko kutoka pigo hadi pigo lina uzito, na hapo kaa na `kfifo`.

ARM si x86

Draiva nyingi hujaribiwa kwenye kompyuta ya mezani, zikapita, zikaja kuvunjika kwenye Pi. Prosesa za x86 huonyesha maandishi ya kiini kimoja kwa viini vingine kwa mpangilio ulioandikwa. ARM hairuhusu kutegemea hilo. Ukijaza data kisha ukaandika `tayari = 1`, kiini kingine kinaweza kuiona `tayari` kabla ya data. Makufuli yote ya kerneli, na `kfifo` pia, yanalishughulikia hili. Ukilazimika kutumia bendera tupu, andika kwa `smp_store_release()` na usome kwa `smp_load_acquire()`, zote mbili. Upande mmoja peke yake haulindi kitu.

RCU, njia ya kuwaacha wasomaji wasome bila kufuli huku mwandishi akibadilisha nakala, iliyoingia kwenye matawi ya 2.5 mwaka 2002, huenda utashauriwa uitumie. Ni nzuri mno pale ambapo wasomaji ni wengi na mabadiliko ni ya nadra, kama jedwali la njia za mtandao. Wewe unaandika kila pigo na kusoma kila pigo, haikufai.

Kuiondoa moduli

Hapa ndipo draiva nyingi zilizofungwa vizuri huanguka. Mpangilio ni: zima chanzo, subiri aliyeko ndani atoke, ndipo uachilie kumbukumbu. `free_irq()` husubiri kazi ya katizo inayoendelea imalizike, kwa hiyo iite kabla ya `kfree()`. Ukitumia `devm_request_irq()`, ambako kerneli yenyewe ndiyo huachilia, katizo linaondolewa baada ya kazi yako ya `remove` kurudi. Hivyo `kfree()` iliyo ndani ya `remove` inamwachia katizo kumbukumbu isiyo yake. Struct nayo iombe kwa `devm_kzalloc()` kabla ya kusajili katizo, kwani vitu hivi huachiliwa kwa kinyume cha mpangilio wa kuombwa. Kama una taima, tumia `timer_delete_sync()`, zamani ikiitwa `del_timer_sync()`, na usiiite ukiwa umeshika kufuli ambalo taima yenyewe inalitaka. Weka `.owner = THIS_MODULE` kwenye `file_operations` ili moduli isiondolewe wakati programu imefungua `/dev/mita`.

Neno moja kwa anayetumia kerneli ya wakati halisi, PREEMPT_RT, iliyokamilika ndani ya Linux rasmi katika toleo la 6.12 la mwaka 2024. Humo `spinlock_t` huweza kulala, na kazi za `request_irq()` huhamishiwa kwenye nyuzi. Msimbo ulio juu unabaki sahihi. Usikimbilie `raw_spinlock_t` kwa kuwa tu inaonekana imara. Inazima kile ambacho kerneli hiyo ilijengwa kukupa.

Kupima kabla ya kuamini

Jenga kerneli ya majaribio yenye `CONFIG_PROVE_LOCKING`, `CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP` (hukamata kulala mahali pasiporuhusiwa) na `CONFIG_KASAN` (hukamata matumizi mabaya ya kumbukumbu). Ya kwanza huwasha lockdep, kikaguzi cha makufuli cha kerneli, na kwa tatizo lako ina thamani kubwa kuliko saa zozote za kusubiri mashine igande. Haihitaji mkwamo utokee. Inatosha spinloki ishikwe mara moja ndani ya katizo na mara moja nje makatizo yakiwa wazi, hata kwa saa tofauti, nayo itaandika "inconsistent lock state" pamoja na njia zote mbili zilizofika pale. Toleo lako la pili, lile la `spin_lock()`, lingekamatwa ndani ya sekunde chache za kwanza. Ndani ya kazi zinazodai kufuli liwe limeshikwa na mwitaji, weka `lockdep_assert_held(&m->kufuli)`; ni maelezo ambayo mashine inayasoma na kuyahakiki.

Kisha ibane. Badala ya mita unganisha pini na jenereta ya mawimbi ya 3.3 V, kwa sababu pini za Pi hazivumilii 5 V. Anza na mapigo 1,000 kwa sekunde, endesha wasomaji wanne kwa pamoja, mmoja kwa kila kiini ukitumia `taskset`. Simamisha jenereta, waache wasomaji wamalize foleni, kisha linganisha: mapigo yaliyosomwa na wote wanne, ukijumlisha `yaliyokosa_nafasi`, lazima yalingane na `jumla` bila hata moja kupungua. Rudia ukisitisha wasomaji kwa sekunde 2, foleni ijae kweli, maana njia ya foleni iliyojaa ndiyo inayosahaulika kupimwa. Mwisho iweke `rmmod` na `insmod` (kuiondoa moduli na kuiweka tena) kwenye kitanzi jenereta ikiwa inaendelea kupiga, na uiache usiku kucha konsoli ya siriali ikirekodi.